Wema Hauozi: Nyumba ya Wageni Katika Nchi ya Wachina

Natumaini kila mmoja amekwisha kukaa, taa inawaka vizuri, na karatasi hii iko mkononi. Maneno mliyoyasikia redioni ndiyo haya haya yaliyopigwa chapa hapa. Yasomeni tena polepole. Kisha nendeni mkamsomee mtu wa nyumbani ambaye hakuweza kuja darasani.

Somo letu la leo ni la historia. Lakini hatutazungumza habari za wafalme wala majemadari. Tutazungumza habari za nyumba moja tu: baba, mama na watoto, Wakristo kutoka Marekani, walioishi miaka mingi katikati ya Wachina. Tutatazama walivyokula, walivyojifunza, walivyougua na walivyoogopa. Na tangu mwanzo hata mwisho nataka mshike swali moja moyoni: Mgeni anayeishi mbali na kwao, ni kitu gani kinachomlinda?

WATU WENYEWE

Baba aliitwa Absalom Sydenstricker. Mama aliitwa Caroline. Wote wawili walitoka katika milima ya West Virginia, huko Marekani. Walioana mwaka 1880, na mwaka ule ule wakapanda meli kwenda Uchina. Bwana Absalom alikuwa mmisionari wa kanisa la Presbiteri. Bibi Caroline aliteswa sana na kichefuchefu cha bahari. Lakini walifika, na huko ndiko walikofia wote wawili, baada ya miaka mingi.

Kama darasa lenu lina ramani ya dunia, mwalimu na aonyeshe Uchina kwa kidole. Utafuteni mto Yangtze, mrefu kuliko mito yote ya bara la Asia. Karibu na mahali unapoingia baharini uko mji wa Shanghai. Ukipanda mto kutoka Shanghai utafika mji wa Zhenjiang. Someni hivi: Jen-ji-ang. Familia hii ilikaa katika miji kadhaa, lakini Zhenjiang ndipo palipokuwa nyumbani kwao kwa muda mrefu zaidi.

Mwaka 1892, walipokwenda likizo Marekani, alizaliwa binti waliyemwita Pearl. Alirudishwa Uchina angali mtoto mchanga. Huyu Pearl alipokuwa mtu mzima aliandika vitabu vingi. Mwaka 1936 alitoa vitabu viwili juu ya wazazi wake, kimoja cha mama na kimoja cha baba. Ndiyo sababu leo tunajua mambo ya ndani ya nyumba ile.

WALIINGIA KWA MLANGO GANI?

Kabla hatujaingia nyumbani mwao, ni lazima tuulize: Wageni hawa walipataje ruhusa ya kukaa Uchina? Je, Wachina ndio waliowaita?

La, hawakuwaita. Tangu mwaka 1839 hata 1842 Waingereza walipigana na Wachina kwa ajili ya biashara ya afyuni. Afyuni ni dawa ya kulevya. Serikali ya Uchina iliikataza, lakini wafanya biashara wa Kiingereza waliendelea kuiingiza. Wachina wakashindwa vitani. Wakashindwa tena katika vita vya pili, vilivyokwisha mwaka 1860. Wakalazimishwa kutia sahihi mapatano ambayo hawakuyapenda. Kwa mapatano hayo bandari nyingi zilifunguliwa kwa wageni, na Zhenjiang ni moja yao. Ilifunguliwa mwaka 1861. Wamisionari nao wakapata ruhusa ya kwenda bara kuhubiri. Tena, mgeni akikosa, hakuhukumiwa na hakimu wa Kichina. Alihukumiwa na balozi wa nchi yake.

Sasa fikiri. Mtu amevunja mlango wako na kuingia. Nyuma yake anaingia mtu mwingine, mpole, ana kitabu na dawa mkononi, anakuambia anakupenda. Huyu wa pili hakuuvunja mlango. Lakini amepita katika mlango ule ule uliovunjwa. Je, utamwonaje? Hivyo ndivyo Wachina wengi walivyowaona wamisionari. Tusipolijua jambo hili hatutafahamu mambo yaliyotokea baadaye.

MAISHA YA KILA SIKU

Nyumba yao Zhenjiang ilikuwa juu ya kilima. Ukisimama barazani uliuona mto na mashua zake, na chini bondeni uliona mashamba ya mpunga na nyumba za wakulima. Bibi Caroline alipanda maua kila mahali alipokaa, maana alitamani sana kwao. Alikuwa na kinanda, na jioni alikipiga na kuimba pamoja na watoto.

Pearl alikuwa na dunia mbili. Mezani kwa wazazi wake alikula chakula cha Kimarekani na kusema Kiingereza. Akitoka mlango wa nyuma alikuwa Mchina. Aliingia jikoni akala wali na mboga pamoja na watumishi. Alicheza na watoto wa majirani, akasema Kichina kama wao. Nyumbani kwao aliketi kusikiliza maneno ya wanawake, juu ya ndoa, watoto, deni na mavuno. Wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina alishangilia pamoja nao.

Yaya wake aliitwa Wang. Mama huyu alikuwa amepata taabu nyingi katika maisha yake, na alijua hadithi nyingi za mazimwi na mashujaa. Pearl alikuwa na nywele za rangi ya manjano, na majirani waliziona za ajabu, maana kwao nywele za binadamu ni nyeusi. Basi yaya alimvika mtoto kofia, akazificha nywele zake ndani. Tazameni jambo hili! Sisi huku tumezoea kusikia mgeni akimshangaa mwenyeji. Huko mtoto wa kizungu ndiye aliyeonekana kioja.

Asubuhi Pearl alifundishwa na mama yake masomo ya Kimarekani. Mchana alifundishwa na mwalimu wa Kichina, Bwana Kung, mzee mwenye adabu na elimu nyingi. Mwalimu huyu alimfundisha kusoma na kuandika Kichina. Ninyi mnaojifunza herufi mnajua kazi yake. Herufi zetu ni chache, lakini Mchina hana budi kujua alama elfu kadhaa kabla hajaweza kusoma gazeti. Bwana Kung alimfundisha pia mawazo ya Confucius, mwalimu mkuu wa Wachina wa zamani, juu ya heshima kwa wazazi na wajibu wa kila mtu katika jamii. Mwaka 1905 mzee Kung alikufa kwa kipindupindu. Pearl alihuzunika kama aliyefiwa na mtu wa ukoo wake.

BABA NA MAMA

Bwana Absalom hakukaa sana nyumbani. Alisafiri kwa punda, kwa mashua na kwa miguu, kijiji hata kijiji, akihubiri. Wakati mwingine watu walimtupia mawe. Hakurudi nyuma. Alifanya pia kazi ya kutafsiri Agano Jipya kwa Kichina, na fedha nyingi za nyumbani zilikwenda katika kazi hiyo. Mkewe na watoto waliona upungufu wake mezani na katika nguo.

Bibi Caroline naye alifanya kazi ya namna nyingine. Wanawake wa jirani walikuja kwake. Mmoja ana mtoto mwenye homa, mwingine amepigwa na mumewe, mwingine anataka tu mtu wa kumsikiliza. Aliwapa dawa, aliwapa chai, na zaidi ya yote aliwasikiliza. Wengi wa wanawake hao walikuwa wamefungwa miguu kwa vitambaa tangu utoto ili isikue, maana desturi ya wakati ule iliona mguu mdogo ndio uzuri. Hawakuweza kutembea mbali. Jirani aliye karibu ndiye aliyekuwa dunia yao.

Na Bibi Caroline aliyajua machungu. Alizaa watoto saba. Wanne kati yao walikufa wangali wadogo. Wa mwisho kufa alikuwa mvulana, Clyde, mwaka 1899. Magonjwa ya nchi hayakubagua mgeni na mwenyeji. Mwanamke wa Kichina aliyezika watoto wake alipokuja kukaa barazani pale, hakuwa na haja ya kueleza sana.

Wakazi wa Mombasa watakumbuka hapa kaburi la Rosine Krapf, mke wa mmisionari Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka 1844, na kabla mwaka haujaisha mama huyo na mtoto wake mchanga walikuwa wamekufa. Basi habari za namna hii si ngeni kwetu. Sisi tumezijua tukiwa upande wa wenyeji.

USIKU WA UKAME

Sasa sikilizeni kisa ambacho Pearl amekiandika katika kitabu cha mama yake.

Mwaka mmoja mvua ilikataa kunyesha. Mpunga ulikauka shambani. Watu wakaanza kunong'ona: Miungu imekasirika kwa sababu wageni wamekuja kukaa hapa. Usiku mmoja wanaume walikubaliana kwenda kuiua familia ile. Bwana Absalom alikuwa safarini. Mama alikuwa peke yake na yaya na watoto.

Bibi Caroline alipata habari. Ungefanya nini wewe? Kufunga milango? Kukimbia gizani na watoto? Yeye alifanya jambo ambalo hakuna aliyelitazamia. Alisafisha chumba. Aliwasha taa. Alipanga vikombe vya chai na keki juu ya meza, kama mtu anayengoja wageni wa heshima. Aliwaamsha watoto, akawavika nguo nzuri, wakakaa kucheza. Kisha akaufungua mlango wazi, akaketi na kushika kazi yake ya kushona.

Wanaume wakaja na marungu na visu. Wakakuta mlango u wazi na taa inawaka. Mama akawakaribisha kwa Kichina, akawamiminia chai. Walisimama wakaduwaa. Walikuja kuua mashetani ya kigeni, wakamkuta mama wa watoto anayewakaribisha chai! Wakanywa. Wakawatazama watoto. Mwishowe wakaondoka mmoja mmoja. Na usiku ule ule, kabla hakujapambazuka, mvua ilinyesha.

Wengine watasema kwamba Mungu aliwaokoa. Bibi Caroline mwenyewe alikuwa mtu wa sala. Lakini tazameni pia vyombo vilivyokuwa juu ya meza yake: chai, keki na lugha ya Kichina. Kama angekuwa hajui lugha ya jirani zake, angewakaribishaje?

MWAKA 1900

Lakini wema wa nyumba moja hauwezi kufuta makosa ya mataifa. Mwaka 1900 hasira ya Wachina ililipuka. Kundi lililoitwa Mabondia lilisimama kuwafukuza wageni, na serikali ya mama mfalme Cixi ikaliunga mkono. Huko kaskazini wamisionari wengi waliuawa pamoja na wake na watoto wao. Waliouawa kwa wingi zaidi walikuwa Wachina wenyewe waliokuwa Wakristo, maelfu kwa maelfu.

Huko Zhenjiang majirani waliozoea kuja waliacha kuja. Pearl alikuwa na miaka minane. Aliona baraza imekuwa tupu, hakufahamu. Hatimaye mama na watoto walikimbilia Shanghai, lakini baba alibaki kazini peke yake. Majeshi ya mataifa manane yakaingia Peking mwaka ule ule, wakapora na kuua. Mwaka 1901 Uchina ililazimishwa kuahidi kulipa vipande vya fedha milioni 450. Mkulima aliyelima mpunga chini ya kilima kile, ambaye hakumdhuru mtu, naye alikuwa miongoni mwa waliotwishwa deni hilo.

Familia ilirudi Zhenjiang. Maisha yakaendelea. Mwaka 1906 na 1907 njaa kubwa ilishika upande wa kaskazini, na watu wengi walikimbilia kusini wakitafuta chakula. Bwana Absalom alikwenda kugawa msaada. Bibi Caroline aliwapokea waliofika mlangoni, wengine wakiwa karibu kufa.

KIBANDA CHA BIBI LU

Sasa turuke miaka ishirini. Bibi Caroline alifariki mwaka 1921, akazikwa Zhenjiang. Pearl alikuwa ameolewa na Bwana Buck, wakikaa katika mji wa Nanjing, na baba yake mzee alikaa nao.

Tarehe 24 Machi 1927 majeshi ya mapinduzi kutoka kusini yaliingia Nanjing. Asubuhi hiyo askari walianza kuwatafuta wageni na kupora nyumba zao. Makamu wa mkuu wa chuo kikuu cha wamisionari, Mmarekani, alipigwa risasi akafa. Habari zikafika nyumbani kwa Pearl. Pa kukimbilia hapakuwepo.

Hapo akaja mwanamke maskini jina lake Bibi Lu. Pearl alikuwa amemsaidia zamani katika shida zake. Bibi Lu alikuwa na kibanda cha udongo, chumba kidogo tu. Akawachukua wote, wakubwa na watoto pamoja na yule mzee, akawaficha humo. Mchana kutwa walikaa kimya kabisa, huku wakisikia nyumba yao ikivunjwa na kuporwa. Askari wangalifungua mlango ule mara moja tu, wote wangalikwisha, na huenda Bibi Lu pamoja nao.

Alasiri meli za vita za Marekani na Uingereza zilizokuwa mtoni zilipiga mizinga mjini. Mashambulio juu ya wageni yalikoma, na siku ya pili familia ilitolewa ikapelekwa melini. Tuseme kweli, mizinga iliwatia askari hofu. Lakini iliua pia Wachina wasio na kosa. Na tena, mizinga ililia alasiri, ilhali hatari ilianza asubuhi. Isingekuwa kibanda cha Bibi Lu, mizinga ingekuta maiti.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wahenga wetu walisema: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wakasema tena: Wema hauozi. Bibi Lu hakuwa na silaha wala fedha. Alikuwa na kumbukumbu tu. Alikumbuka kwamba siku yake ya shida, mgeni huyu hakumpita.

Pearl hakusahau. Mwaka 1931 alitoa kitabu juu ya maisha ya mkulima wa Kichina na mkewe, kiitwacho The Good Earth. Kilisomwa duniani kote, na mwaka 1938 alipewa nishani ya Nobel ya uandishi. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kuipata. Mwaka 1932 alisimama mbele ya watu wa kanisa lake huko New York, akawaambia wazi kwamba wamisionari wengi wamekwenda Uchina bila kuwafahamu wala kuwapenda kwa kweli watu waliotaka kuwafundisha. Wengine walimkasirikia sana. Lakini yeye alikuwa amewaona baba yake na mama yake, akajua tofauti ya kuhubiri jirani na kuishi na jirani. Alifariki Marekani mwaka 1973. Mwaka mmoja nyuma yake aliomba kwenda kuiona tena Uchina, serikali ya huko ikamkatalia. Hata hivyo, nyumba yao ya Zhenjiang imehifadhiwa, na watu huenda kuitazama.

Sasa rudini kwenye swali letu la mwanzo: Ni kitu gani kinachomlinda mgeni? Mapatano yalimpa ruhusa ya kuingia, lakini yalimpa pia maadui asiowajua. Mizinga ilimtetea, lakini iliacha kilio nyuma yake. Kikombe cha chai, dawa ya mtoto, saa moja ya kumsikiliza mwanamke anayelia: hivi navyo havikutosha siku zote, maana mwaka 1900 baraza ilikuwa tupu. Lakini siku ile mlango mmoja tu ulipohitajiwa, ndivyo vilivyoufungua.

Katika mtaa wako huenda yupo mtu aliyetoka mbali. Lugha yake si yako, chakula chake si chako, sala yake huenda si yako. Au labda mgeni ni wewe mwenyewe, uliyekuja mjini kutafuta kazi. Kesho asubuhi mtakapoonana mlangoni, utaanza wewe kumwamkia, au utangoja aanze yeye?

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Mapatano: maneno ambayo pande mbili zimekubaliana na kuyatia sahihi.
Balozi: mtu anayesimama badala ya serikali yake katika nchi ya kigeni.
Kupora: kunyang'anya mali kwa nguvu.
Kuduwaa: kusimama bila kujua la kufanya kwa ajili ya mshangao.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Wachina walikuwa na sababu gani ya kuwachukia wageni? Je, wageni wote walistahili chuki hiyo?
2. Bwana Absalom na Bibi Caroline walifanya kazi tofauti. Kila mmoja aliacha nini kwa majirani?
3. Kwa nini Bibi Caroline aliufungua mlango usiku ule badala ya kuufunga?
4. Andika mistari mitano juu ya jirani aliyekusaidia siku ya shida. Msomee mwenzako, naye akusomee wake.